Shangazi Aliyeomba Kuoza

Jirani yetu huyu tulimwita Mama Pamba, na si kwamba alikuwa na shamba la pamba. Alifanya kazi chumba cha maiti, hospitali ya mjini, na mfuko wa aproni yake haukukosa pamba: ya kuziba pua, ya kujaza mashavu yaliyobonyea, ya kufuta lile chozi la mwisho ambalo, alivyotueleza, si chozi hata kidogo, ni mwili tu unaachia maji.

Kazi yake ilikuwa kutia maiti dawa. Alikata sehemu ndogo shingoni, akaingiza mpira kwenye mshipa, mashine ikasukuma ndani fomalini, ile dawa ya kuzuia mwili usioze, huku damu ikitoka na kuteremka mferejini. Naye alikanda mikono na miguu ya marehemu, taratibu, ili dawa ifike hadi kwenye ncha za vidole. Akimaliza, anapamba. Hapo ndipo alipokuwa fundi wa mafundi. Watu waliofika kuaga waliinama juu ya jeneza wakasema neno moja: "Kama amelala!" Neno hilo lilimshibisha kuliko chakula.

Shangazi yake, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Naye alikuwa mtu wa maiti, ila kwa njia ya zamani. Kukiwa na msiba mtaani aliitwa kuosha. Maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, sanda nyeupe, na jua likizama mtu yuko ardhini. Basi wawili hao walikuwa na utani usiokwisha.

"Wewe unawapika watu," Shangazi alikuwa akisema.

"Na wewe unawaogesha kama watoto wanaokwenda shule," Mama Pamba alijibu, wakacheka mpaka wakafutana machozi.

Siku moja walikuwa wamekaa uani wakichambua maharage yaliyolowekwa. Binti wa Mama Pamba, aliyekuwa na mimba ya kwanza na amekuja kujifungulia kwa mama yake, alikuwa amejilaza kwenye mkeka. Akataka kusikia kama watu wa kale nao walitia maiti dawa. Mama Pamba alipenda sana maswali ya namna hiyo, maana chuoni walifundishwa. Akawasimulia habari za Misri ya kale, jinsi mtu alivyotolewa matumbo, akakaushwa kwa chumvi, akaviringishwa vitambaa kuanzia kichwani hadi miguuni. Akasema kuna waliowakausha wafu wao kwa moshi. Kuna waliowahifadhi ndani ya asali.

Shangazi alikuwa ameacha kuchambua.

"Na hao wa chumvi," aliuliza, "wako wapi leo?"

"Wengine wapo mpaka leo, Shangazi. Wamewekwa kwenye makabati ya vioo. Watu wanalipa kiingilio kwenda kuwatazama."

"Maskini," Shangazi akasema polepole. "Kumbe hawajafika."

Kisha akamshika Mama Pamba kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa na maji ya maharage, baridi. "Mwanangu, mimi usinitie dawa. Nataka kuoza."

"Shangazi! Maneno gani hayo mbele ya mjamzito?"

"Maneno ya mtu mzima. Mbegu isiyooza haioti. Mtu asiyeoza hajaondoka, amesimama mlangoni. Kuingia hawezi, kutoka hawezi, na amewazibia njia wanaotaka kupita. Niapie."

Mama Pamba akaapa, nusu akicheka. Shangazi hakucheka. Alimshika mpaka kiapo kilipoisha ndipo akamwachia.

Haikupita muda mrefu Shangazi akafa. Alikuwa akianika nguo, akakaa chini kupumzika, akapumzika moja kwa moja.

Shangazi alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa, mwanamume, anaishi ng'ambo. Mama Pamba alilelewa naye nyumba moja, sahani moja, kwa hiyo kwake hakuwa binamu, alikuwa kaka, ingawa sisi majirani tulimwita Binamu. Alipopigiwa simu alilia kama mtoto mchanga. "Dada, nisubirini," alisema. "Usinizikie mama sipo. Nataka kuuona uso wake tu. Uso tu, dada."

Lakini tiketi haikupatikana haraka, na hati zake za kusafiria zilikuwa na matatizo. Wiki ikaanza kuzaa wiki. Juu ya hayo yote, jokofu la chumba cha maiti likagoma. Mwenzake kazini, mwanamume mcheshi waliyemwita Glavu, alikuja kumwambia kwa sauti ya chini, bila mzaha wowote.

"Fundi wa jokofu anasubiri kipuri. Na shangazi yako ameanza kubadilika rangi. Ama mzike leo, ama tumtie dawa. Hakuna njia ya tatu."

Mama Pamba alitoka nje akampigia Binamu. Alikusudia kumwambia ukweli: mama alikataa dawa, aliniapisha, acha tumzike, wewe utakuja kulia kaburini. Maneno yalifika kwenye ncha ya ulimi. Akasikia pumzi za yule mwanamume upande wa pili, zinavyokwama kwama. Akayameza.

"Njoo, kaka," akasema. "Utamkuta vilevile."

Angekuwa amefanya kwa huruma tu, labda moyo wake ungepata pa kujificha baadaye. Lakini palikuwa na jambo jingine, na alilijua palepale akirudi ndani. Aliutazama ule uso uliomlea, ulivyoanza kuzama mashavuni, na mikono ikamwasha. Akajisemea: huyu nitampamba kuliko wote. Watakaomwona hawatasahau.

Glavu alimzuia mlangoni. "Mtu hamtii dawa wa kwake. Niachie mimi."

"Wa kwangu ni wangu," akajibu.

Dawa ilikataa kuingia. Mashine ilinguruma, mpira ukatutumka, lakini kwenye chupa kiasi kikawa kilekile. Akabadilisha mshipa. Ikakataa. Akaanza kukanda mkono wa kulia, akizungumza naye kama alivyozungumza na maiti wote, "Haya mama, tulegee kidogo, tunakaribia." Ghafla dawa yote ikaingia kwa mkupuo mmoja.

Na vidole vya Shangazi vikafunga.

Mama Pamba alijua mambo ya dawa. Inakaza misuli, vidole kukunjika si ajabu. Lakini havikukunjika hewani. Vilimshika kifundo cha mkono. Palepale.

Alivifungua kimoja kimoja, bila kupumua. Alipoinua macho akakuta mdomo wa marehemu umeachama, ilhali alikuwa ameufunga. Akaufunga tena. Ukafunguka tena, polepole, kama wa mtu anayetaka kuanza sentensi. Basi akachukua sindano na uzi akaushona kwa ndani, kama wafanyavyo mafundi, mishono isiyoonekana. Glavu alipochungulia kuuliza kama yote ni salama, alisema ni salama.

Binamu alifika. Alimkumbatia mama yake ndani ya jeneza, akambusu paji la uso, akamgeukia Mama Pamba na macho yaliyojaa shukrani. "Dada, ahsante. Kama amelala!"

Waombolezaji wote wakasema hivyohivyo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake neno hilo lilimpa kichefuchefu.

Baada ya maziko, mambo yalianza kwa udogo kiasi kwamba waliyachekea. Maziwa yaliyosahauliwa mezani hayakuchacha. Nyanya zilizobaki za msibani zilikaa kwenye kapu, nyekundu, ngumu, siku nenda siku rudi. Maua ya shada lililorudishwa nyumbani hayakunyauka hata jani.

"Mama, tumepata jokofu la bure!" Binti alisema.

Lakini unga wa mkate nao ukakataa kuumuka. Mama Pamba alibadilisha hamira, akafunika kwa blanketi, akaweka juani. Donge likabaki donge. Siku nyingine alisogeza kabati kufagia akakuta panya kwenye mtego. Ulikuwa mtego alioutega kabla ya msiba. Panya alikuwa mzima wa manyoya, macho yanang'aa, hana harufu. Sisimizi walikuwa wamemzunguka kwa mbali. Hawakumsogelea. Naye akalirudisha kabati mahali pake, panya akabaki nyuma yake.

Kisha akajikata kidole kwa kisu akimenya viazi. Alisubiri damu. Haikuja. Kingo za kidonda zilikuwa nyeupe, zimetulia, kama alama ya kucha kwenye mshumaa. Alipokiminya, kilichompanda puani hakikuwa harufu ya viazi wala ya damu.

Ilikuwa fomalini.

Akaenda kunawa. Akanawa tena. Kisha akamwita bintiye, akamwuliza kama naye amejikata mahali popote siku za karibuni. Binti akaonyesha kidole alichojichoma na sindano akishona nguo za mtoto. Kitundu kilikuwa wazi, kikavu, cheupe.

"Hakiumi, Mama," alisema. "Ila hakifungi."

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipoingia, maana siku za Binti kujifungua zilikuwa zimepita. Hospitalini walisikiliza tumbo, moyo wa mtoto ukasikika, unadunda sawasawa, hauongezi wala haupunguzi. Wakamtundikia dripu ya kuleta uchungu. Haukuja. Wakarudia. Haukuja. Daktari akasema hakuna la kungoja zaidi, atafanyiwa upasuaji. Arudi nyumbani akapumzike, aje baada ya siku chache, kitanda kitakuwa tayari.

Mama Pamba akakitazama kidonda chake kisichotoka damu na kisichofunga. Akawaza kisu tumboni mwa mwanawe. 

Wakati wanatoka, muuguzi wa wodi ya wazazi, mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, alimvuta pembeni. "Nimeona mengi," alimnong'oneza. "Tumbo la namna hii sijaliona. Mficha uchi hazai, dada yangu. Kama kuna neno ndani ya nyumba yenu, litoeni."

Walirudi nyumbani. Ilikuwa adhuhuri, jua liko utosini, watoto wa jirani wanapiga kelele na mpira wao. Mama Pamba alikaa akiutazama ukuta. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Ghafla mwanga sebuleni ukapungua, kama mtu amekuja kusimama kizingitini. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Lakini mwanga haukurudi.

"Mama," Binti akasema kutoka kwenye kochi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mbona humkaribishi mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Huyo mlangoni. Yupo hapo tangu tulipotoka mazikoni. Nilidhani unamwona, mmegombana, humsemeshi."

Mama Pamba alihisi nywele za kisogoni zikisimama. Akanong'ona, "Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Amesimama. Hawezi kuingia, hawezi kutoka." Binti akakunja uso, akakaza macho. "Anataka kusema. Lakini mdomo umeshonwa."

Habari ya uzi ule Mama Pamba hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Jioni ileile alimfuata Binamu, aliyekuwa bado hajarudi ng'ambo, kwenye nyumba ya Shangazi. Alimkuta akipanga sufuria za mama yake bila kujua anazipangia nani. Mama Pamba alikaa chini sakafuni, akamweleza kila kitu: maharage, kiapo, jokofu, simu. Hakuficha hata ile mikono iliyomwasha.

Binamu alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Ungeniambia, dada," alisema. "Ningelia hukohuko nilikokuwa. Ningemlilia mama aliyefika."

Kibali cha kufukua kaburi, ili mama aoshwe na kuzikwa upya, alikitafuta yeye mwenyewe, mtoto wa marehemu, na akakipata asubuhi iliyotangulia siku ya upasuaji. Hawakungoja. Walikwenda makaburini wao wawili, na Glavu aliyebeba madumu ya maji ya moto yaliyofungwa kwa mablanketi, na mchimba makaburi na koleo lake. Mchimba makaburi alikuwa mtu wa maneno mengi. Kadiri shimo lilivyoshuka, maneno yakampungua. Jeneza likaonekana.

Wakalipandisha. Wakafungua.

Shangazi alikuwa vilevile. Si kwa kukaribia tu. Vilevile. Poda haikuwa imehama. Shada dogo kifuani lilikuwa bichi. Kazi ya Mama Pamba ilisimama mbele yake, nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na akatamani ardhi immeze.

"Tazama kifuniko," Glavu alisema.

Upande wa ndani mbao zilikuwa kavu, isipokuwa sehemu moja, ukubwa wa kiganja. Hapo palikuwa na unyevunyevu, matone madogo madogo, kama kioo kinapopumuliwa. Glavu alikilaza kifuniko juu ya jeneza, akapima kwa jicho.

Paliangukia juu ya mdomo.

Mama Pamba alipiga magoti, akachukua mkasi. "Nisamehe, Shangazi," alinong'ona. "Nimekukosea. Nilikuona kazi, sikukuona wewe." Akakata mshono wa kwanza. Wa pili. Akauvuta uzi.

Ikatoka pumzi. Alijua maiti hutoa hewa, amesikia mara nyingi. Lakini hii iliendelea. Ikaendelea. Ndefu kuliko kifua chochote kinavyoweza kuhifadhi, mpaka Binamu akaziba masikio na Glavu akasogea nyuma akajikwaa kwenye udongo. Ilipoisha, mdomo ukafungika wenyewe. Haukufunguka tena.

Wakamwosha. Maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, kuanzia kichwani, kama yeye alivyowaosha wengine maisha yake yote. Mama Pamba alijua kwamba dawa iliyoingia kwenye nyama haitolewi kwa maji. Maji yakimwagika hayazoleki. Akaosha tu. Akaosha huku analia, na Binamu akimimina. Wakamviringisha sanda, wakamteremsha bila jeneza, udongo ukamgusa mwili. Binamu alitupa konzi ya kwanza.

Wakiwa bado wanakaribia nyumbani, harufu ikawalaki njiani. Sisi majirani tulikuwa tumetoka nje tumeziba pua. Ilikuwa harufu ya uozo wa wiki nyingi uliofika kwa pamoja: nyanya zimekuwa uji mweusi, maziwa yamefura na kupasua chupa, maua yameanguka, na lile kabati hakuna aliyethubutu kulisogelea. Mama Pamba aliingia katikati ya uvundo ule akauvuta puani kama mtu anayenusa marashi. Kidole chake kilikuwa kinatoka damu. Akakiinua juu tukione, anacheka, analia.

"Mama!" Binti aliita kutoka chumbani. "Mama, maji ya uzazi yamemwagika!"

Hakupasuliwa. Alijifungua mwenyewe, mtoto wa kike, kelele mpaka nje ya wodi. Kile kitundu cha kidoleni mwa Binti kikafunga. Mlangoni mwa nyumba ile mwanga ukaingia kama kawaida. Binamu alimbeba mtoto, akamwombea dua, akarudi zake ng'ambo akiwa na moyo mweupe. Alipoagana na Mama Pamba alimwambia, "Sasa amefika."

Mama Pamba aliacha kazi. Siku hizi anashona sare za shule. Watu humwambia yaliyopita si ndwele, naye huitikia. Lakini kuna jambo ambalo Binamu hajaambiwa.

Mchimba makaburi alilichoma lile jeneza tupu. Mbao zote zikashika moto, isipokuwa kifuniko. Alikimwagia mafuta ya taa, yakawaka juu yake yakaisha, ubao ukabaki. Akakiegemeza nyuma ya kibanda cha zana. Baada ya muda akaja kumwita Mama Pamba, hakutaka kueleza sababu, alisema tu, "Njoo uone mwenyewe."

Palikuwa na unyevunyevu palepale, ukubwa wa kiganja, ilhali ubao ule ulishinda juani. Mama Pamba aliufuta kwa upindo wa nguo yake. Pakakauka. Wakasimama wakitazama. Ukarudi, ukafifia, ukarudi. Aliweka mgongo wa mkono karibu yake.

Ulikuwa wa moto.

Hakuuliza ni pumzi ya nani, na mchimba makaburi hakuuliza. Huwa anakwenda kuutazama, mchana, peke yake, anauomba radhi, anarudi. Zamani ulikuja na kwenda taratibu. Siku hizi, anasema mchimba makaburi, unakuja harakaharaka, kama pumzi za mtu ambaye bado hajafika, anayejaribu kuita.